Mama Simu na Mashine Iliyoitika

Jina lake halisi lilikuwa kwenye cheti cha ndoa na kwenye karatasi ya mshahara. Kwingine kote, tangu getini mwa hospitali hadi wodi ya mwisho, aliitwa Mama Simu, na hata walioajiriwa miaka mingi baadaye walimwita hivyo hivyo bila kujiuliza jina lilitoka wapi.

Lilitoka kwenye swichibodi. Kwa miaka kumi na minne alikaa katika chumba kisicho na dirisha nyuma ya mapokezi, visikilizio masikioni, waya mkononi, akiunganisha simu sitini na nne za majengo kumi na moja. Siku hizo mtu alikuwa hapigi namba. Alinyanyua simu, Mama Simu akaitika, akaambiwa anayetakiwa: nipe maabara, nipe chumba cha upasuaji. Wengine hata hawakujua wanamtaka nani. "Mama, nataka mtu yeyote mwenye kiti cha magurudumu," nesi wa ghorofa ya pili angesema, na Mama Simu angemuunganisha na kliniki ya macho, si wodi ya mifupa kama wewe ungedhani, kwa sababu alijua viti vya wodi ya mifupa vimekwisha matairi na kile kizima kimeazimwa na watu wa macho tangu Jumanne. Hakuna aliyemfundisha hayo. Ukisikiliza maombi ya watu mia mbili kila siku, utajua tu nani ana nini.

Kisha zikaja simu mpya ambazo kila mtu alijipigia mwenyewe. Swichibodi ikang'olewa, ikaacha ukutani alama ya mraba mweupe. Katibu wa hospitali akamwita na kumpa mambo mawili achague: asimame mapokezi au aende kitengo cha kompyuta, walikokuwa wakitafuta msaidizi. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, na kompyuta alikuwa amezipangusa vumbi tu. Lakini miguu yake ilikuwa ikivimba akisimama, na kitengo cha kompyuta kilikuwa na viti. Akachagua viti.

Nyumbani habari hiyo ilipokewa kwa namna mbili. Mume wake, fundi wa friji, aliuliza kama mshahara ni uleule, akaambiwa ndiyo, akaendelea kula. Mama mkwe, aliyekuwa akiishi nao, aliweka kijiko chini.

"Kompyuta? Wewe uliyeshindwa kurekebisha saa ya ukutani?"

"Saa ile mmeitundika juu mno, mama."

"Na kompyuta wataiweka chini kwa ajili yako?"

Mume akacheka mpaka akapaliwa. Mama Simu naye akacheka, na Jumatatu akaenda kazini.

Mkuu wa kitengo alikuwa kijana mhandisi, mdogo wake kwa miaka kumi, mwembamba, mwenye maneno ya haraka na tabia ya kuanza kujibu kabla hujamaliza kuuliza. Alikuwa hodari, hilo halikuwa na ubishi. Alimwita "mama" kwa heshima zote, na kwa heshima hizo hizo akamtwika kazi ya kubeba katoni za wino wa printa kutoka jengo moja hadi jingine. Alizibeba kwa mwaka mzima. Katika mwaka huo aliuliza maswali, kwanza machache, halafu mengi. Mhandisi aliona ni rahisi kumjibu kuliko kumkwepa, na mwaka ulipokwisha Mama Simu alikuwa anaweza kufungua kompyuta, kuisafisha, kuirudisha na kuiwasha bila kumwita mtu.

Tatizo kubwa la hospitali wakati huo lilikuwa asubuhi. Saa mbili, watu wote walipowasha kompyuta zao, mtandao ulizubaa kabisa. Picha ya eksirei iliyopaswa kufika wodini kwa nusu dakika ilichukua dakika ishirini. Madaktari walilalamika, wakaandika barua, wakaja wenyewe kusimama mlangoni. Mhandisi akakaa nalo wiki nzima, akaligundua.

"Tatizo ni kelele," alimwambia Mama Simu, kalamu ikiwa mdomoni. "Kompyuta ikitaka printa, haijui printa iko wapi. Kwa hiyo inapaza sauti kwenye mtandao mzima: jamani, nani ana printa? Zote zinasikia, hata zisizohusika. Mwenye printa anaitika. Tulipokuwa na kompyuta thelathini, haikuwa shida. Sasa tuna mia mbili na arobaini, na kila moja inatafuta kitu. Printa, diski, folda ya mwenzake."

"Zinaulizana koridoni," Mama Simu akasema.

"Eeh?"

"Badala ya kuniuliza mimi."

Mhandisi akaitoa kalamu mdomoni, akamtazama kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. "Ndiyo," akasema. "Hasa. Sasa nataka kuweka kompyuta moja ya kukaa pale kwenye swichibodi. Kila mwenye kitu cha kuwagawia wengine anajiandikisha kwayo, na kila anayetafuta anaiuliza hiyo peke yake. Tutaiita rejesta. Ikishakuwa tayari, kelele napiga marufuku."

Ili rejesta ijazwe, ilibidi mtu apite chumba hadi chumba aandike kuna nini. Mhandisi hakuwa na subira ya kazi kama hiyo. Mama Simu alipewa daftari na wiki tatu.

Zilikuwa wiki alizozipenda kuliko zote alizowahi kufanya kazi pale. Kwa miaka kumi na minne alikuwa amezisikia sauti za watu hawa. Sasa akaona nyuso zao na meza zao. Aligundua kwamba wodi ya wazazi ilikuwa ikiandika kwa mkono vitambaa vya majina ya watoto wachanga, na wino ulikuwa ukifutika watoto wakiogeshwa, wakati ng'ambo ya ukuta, kwa watu wa mazoezi ya viungo, kulikuwa na printa ya lebo haijawahi kutolewa nailoni yake. Alikuta diski tupu kliniki ya macho, na maabara ikifuta faili za zamani kwa kukosa nafasi. Alikuta pia kwamba watu huficha. Katika wodi ya upasuaji, nesi mkuu alikuwa ameifunika printa yake kwa shuka.

"Hiyo imekufa," nesi akasema.

"Imekufa lini?"

"Jana."

Mama Simu akaweka kiganja juu ya shuka. "Mbona bado ina joto?"

Nesi akaangalia pembeni. "Andika basi," akasema. "Lakini wakinimalizia karatasi nitakuja kwako."

Daftari lilipojaa, Mhandisi akachapa orodha ya mashine zote zilizokuwa zikiitika kwenye mtandao, na Mama Simu akakaa kulinganisha moja moja na alichokiona kwa macho yake. Zilitimia zote isipokuwa moja. Mashine moja ilikuwa ikiitika kila ilipoulizwa, kwa jina la TAHADHARI, ikisema ina folda moja ya kuwagawia wengine. Katika daftari haikuwamo. Alirudi majengo yote, mara hii akitazama hadi chini ya meza na nyuma ya makabati ya nguo za wafanyakazi. Haikuwapo.

"Mashine isiyo na chumba ni ya kutilia shaka," Mhandisi akasema. "Huenda mtu amechomeka kitu chake mahali, anatuchungulia." Akajaribu kufungua ile folda, ikadai neno la siri. Akapiga simu idara tatu au nne kuuliza kama kuna anayeijua kompyuta ya jina hilo. Mkuu wa famasi naye akaulizwa, akajibu hajawahi kuisikia. "Unaona? Haina mwenyewe. Ijumaa jioni tunahamia rejesta. Isiyoandikwa haitasikika tena, na mambo yamekwisha."

Mama Simu akasita. "Lakini kuna anayeiuliza?"

"Vipi?"

"Kuitika tunajua inaitika. Je, kuna anayeiita? Kama kuna mtu anaiita kila siku, basi ina kazi."

Ingehitaji siku mbili tatu, kukaa na kuhesabu maombi yanayopita. Mhandisi alikuwa amekwisha mwahidi Katibu Ijumaa, na Katibu alikuwa amekwisha waahidi madaktari.

"Kama kuna anayeitumia, atalalamika," akasema. "Wakilalamika tutajua."

Mama Simu alikuwa na hoja ya pili. Alikuwa anajua, kutokana na miaka yake ya simu, kwamba wapo watu ambao simu yao ikikatika hawapigi tena. Wanadhani upande wa pili hakuna mtu. Alilifikiria hilo, akaona kijana amechoka na amekwisha amua, akaimeza hoja yake. Katika safu ya mwisho ya daftari, mbele ya jina la mashine ile, aliandika "haijulikani ilipo", akafunga.

Ijumaa jioni kelele zikapigwa marufuku. Jumamosi asubuhi picha za eksirei zilifika wodini kabla daktari hajaketi, na watu walimpigia Mhandisi kumpongeza.

Jumamosi hiyo hiyo, saa nne, katika wodi ya wanaume, mwashi aliyeanguka kutoka jukwaa la ujenzi na kuchanika mguu alidungwa sindano ya penisilini ili kidonda kisioze. Alikuwa mgonjwa wa kawaida na sindano ilikuwa ya kawaida. Dakika tano baadaye midomo yake ilivimba, kisha shingo, kisha hewa ikakataa kupita. Daktari alikuwa kitanda cha tatu kutoka hapo. Walihangaika naye kwa muda mrefu, wakampitishia mpira kooni, wakamrudisha. Alipelekwa chumba cha wagonjwa mahututi akiwa hajitambui.

Mchana, katika wodi nyingine, nesi alikuwa ameshika sindano ya dawa hiyo hiyo mbele ya mwalimu wa hesabu aliyefanyiwa upasuaji. Mke wa mwalimu akauliza, kwa kutaka kujua tu, ni dawa gani ile. Akaambiwa.

"Hapana," mke akasema, akasimama. "Hiyo nusura imuue hapa hapa kwenu, mwaka juzi. Mliandika wenyewe. Kila akija karatasi yake inatoka na mstari mwekundu."

Nesi akaitazama karatasi ya dawa iliyotoka famasi. Haikuwa na mstari mwekundu. Akaishusha sindano. Akapiga simu famasi, na mkuu wa famasi akaanza kuzipekua karatasi zote zilizotoka tangu asubuhi, moja baada ya nyingine. Hakukuwa na mstari mwekundu hata mmoja. Kwa kawaida, Jumamosi kama ile, ilikuwa mitano au sita.

Mama Simu aliitwa kutoka nyumbani, akiwa anafua. Alipofika famasi, Mhandisi alikuwa amekwisha fika, amesimama katikati ya chumba.

"Mistari ilikuwa inatoka wapi?" Mama Simu akamuuliza mkuu wa famasi.

Huyu alikuwa mama mtulivu, ana mwaka mmoja tu tangu ahamie pale. "Kwenye kompyuta."

"Kompyuta ipi?"

"Hii hapa." Akaigonga ya mezani kwake. "Naandika jina la mgonjwa na namba ya jalada. Kama kuna dawa inayomdhuru, mstari unatoka. Kama hakuna, hautoki. Nilivyoikuta ndivyo ninavyoitumia."

Mhandisi akaketi kwenye kompyuta ile, akafungua programu, akaisoma kwa muda. Programu haikuwa na orodha yoyote ndani yake. Kila jina lilipoandikwa, ilipaza sauti kwenye mtandao kuitafuta TAHADHARI, ikaiuliza kuhusu mgonjwa mmoja, ikaleta jibu. Tangu Ijumaa jioni sauti hiyo ilikuwa haifiki. Na aliyeitengeneza programu hakuwa amefikiria siku kama hiyo. Isipopata jibu haikusema kwamba imekosa jibu. Iliacha mahali patupu, na patupu maana yake ilikuwa mgonjwa hana neno.

"Sikuizima," Mhandisi akasema polepole. "Nilizuia kelele tu."

Akaenda kuruhusu kelele tena. Mkuu wa famasi akaandika jina la mwalimu, mstari ukatoka, mwekundu kama kawaida. Akaandika jina la mwashi. Ukatoka pia: miaka sita nyuma, jipu la mkono, penisilini, amevimba. Mwashi alikuwa amefika na maumivu, hakuulizwa vizuri, na sehemu ile ya fomu ilikuwa wazi.

Sasa ilibidi mashine yenyewe ipatikane. Ilijibu kuhusu mgonjwa mmoja mmoja, lakini orodha nzima haikumpa mtu bila neno la siri, na hakuna aliyejua ina umri gani wala lini ingekata roho. Jumapili mchana, wakati kazi ni chache, walianza. Kila jengo lilikuwa na kabati la swichi, mahali ambapo waya za vyumba vyote hukutana. Mama Simu alisimama kwenye kabati, akachomoa waya mmoja, akapiga simu kwa Mhandisi aliyekuwa ofisini akiita TAHADHARI bila kukoma.

"Imenyamaza?"

"Bado inaitika."

Anarudisha, anachomoa mwingine. Jengo la kwanza waya arobaini, la pili thelathini na nane. Katika jengo la tatu, waya wa kumi na saba, alichomoa na kuuliza tena.

"Imenyamaza," Mhandisi akasema. "Mama, usiuguse. Rudisha, halafu usiuguse."

Waya ule haukwenda kwenye meza yoyote. Ulipanda ukutani, ukaingia juu ya dari, ukaelekea upande wa chumba cha plasta, wanakofungwa waliovunjika mifupa. Fundi wa plasta, mzee mwenye mikono myeupe hadi kwenye viwiko, alikuwa akimfunga mtu mkono.

"Huku hakuna kompyuta," akawaambia. "Huku kuna mifupa."

"Una ngazi?" Mama Simu akauliza.

Ngazi ilikuwepo. Mhandisi akaishikilia isiyumbe, akapanda Mama Simu, mwenye kufungwa mkono akimtazama kwa chini kwa hamu kubwa kuliko aliyokuwa nayo kwa mkono wake. Akasukuma kipande cha dari. Juu ya ubao uliopigiliwa kwenye boriti mbili ilikaa kompyuta ya zamani, imefunikwa na unga wa plasta kama mkate, feni yake ikivuma, taa moja ya kijani ikiwaka. Alipoupangusa ubavu wake kwa kiganja, akakuta maandishi ya kalamu nzito: USIZIME. ULIZA MFAMASIA.

"Mfamasia yupi?" Mhandisi akauliza kutoka chini.

"Hapa ndipo palipokuwa famasi," fundi wa plasta akasema. "Kabla hawajajenga ile mpya. Miaka kumi na moja sasa. Mimi nilipewa chumba hiki bado kinanuka dawa."

Mama Simu akabaki juu ya ngazi akifikiri. Famasi ya zamani aliijua kwa sauti. Ilikuwa sauti nzito, isiyo na salamu ndefu, iliyompigia kila siku saa moja na nusu asubuhi kutaka aunganishwe na wodi moja baada ya nyingine, zote, na kila wodi aliiuliza swali hilo hilo: "Tangu jana, kuna aliyevimba au kuwashwa?" Wakati ule aliona ni mzee msumbufu. Alistaafu mwaka mmoja kabla ya swichibodi kung'olewa. Namba ya nyumbani kwake Mama Simu hakuhitaji kuitafuta.

Binti wa mfamasia ndiye aliyepokea, akasema njooni. Walimkuta mzee kwenye kiti barazani, blanketi magotini, sikio la kulia halisikii tena kabisa. Binti akamwonyesha Mama Simu akae upande wa kushoto.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Kisha akageuka kumwangalia vizuri. "Wewe ndiye Mama Simu. Nilidhani ni mnene."

"Nimepungua kwa kupanda ngazi. Tumeiona mashine yako."

Mzee hakushtuka. Aliuliza tu kama bado inafanya kazi, akaambiwa ndiyo, akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia habari za ndugu wa mbali. Kisha akaeleza bila kuulizwa. Alikufa msichana mmoja pale hospitalini. Wodi aliyolazwa mara ya kwanza ilikuwa inajua dawa isiyomfaa. Wodi aliyolazwa mara ya pili haikujua, na wodi zote mbili zilikuwa ghorofa moja, mlango kwa mlango. Baada ya hapo akaanza kuandika orodha ya kila mgonjwa na kinachomdhuru, dawa hata chakula, na kompyuta zilipofika akaihamishia humo. Mara mbili utawala ulikuja kuichukua mashine kwa ajili ya ofisi nyingine, kwa kuwa walimkuta nayo mezani wakaona haina kazi. Aliporudishiwa mara ya pili akaipeleka darini.

"Kwa nini hukumwambia mtu?" Mhandisi akauliza kwa sauti ya juu.

"Nilimwambia niliyemwachia kazi. Alihama baada ya miezi minne. Naye nadhani alimwambia mtu." Akamtazama kijana. "Mmeizima?"

Mama Simu angeweza kumwachia Mhandisi ajibu. "Tuliiziba sauti kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumamosi mchana," akasema. "Mtu mmoja nusura afe. Yuko mahututi."

Mzee akaomba kalamu, akaandika neno la siri, namba yenye tarakimu saba, kwenye kipande cha karatasi, polepole, bila kusita hata kwenye tarakimu moja. Ilikuwa na umbo la namba ya jalada la mgonjwa. Mama Simu hakuuliza ni jalada la nani.

Orodha ilikuwa na wagonjwa elfu nne mia tatu na kumi na wawili. Ilinakiliwa kwenye kompyuta mbili zilizo kwenye majengo tofauti, zote mbili zikaandikwa kwenye rejesta, na programu ya famasi ikabadilishwa: ikikosa jibu, ukurasa mzima unageuka mwekundu na haikubali kuchapa kitu. Mhandisi aliandika ripoti kwa mkono wake, akaeleza alichofanya na alichoambiwa kabla ya kukifanya. Alipewa onyo kwa maandishi. Mama Simu hakupewa kitu, si onyo wala sifa, kwa sababu katika ripoti alionekana kuwa mtu aliyeuliza swali zuri.

Yeye mwenyewe hakuliona hivyo. Siku ya tisa, mwashi aliporudishwa wodini, akaenda kumwona. Alimkuta ameegemea mto, sauti bado ina mikwaruzo ya ule mpira. Mama Simu akajitambulisha, akamwambia kwa kifupi: niliiona ile mashine, nilijua haifai kuachwa hivi hivi, nikanyamaza.

Mwashi alimsikiliza mpaka mwisho. "Sasa umekuja kuniambia ili iweje?"

"Ili ujue," Mama Simu akasema.

"Haya. Nimejua." Akageuza uso dirishani. Kisha akasema, bila kugeuka, "Nesi amesema nivae kitu mkononi, maandishi ya kusema sindano hiyo hapana. Nimengoja tangu jana."

Mama Simu akashuka hadi kwa watu wa mazoezi ya viungo, akachapa kitambaa hicho kwa herufi kubwa, akapanda nacho, akamfunga mwashi mkononi. Mwashi akakisoma, akasema asante kama anavyoshukuriwa mtu aliyekupisha mlangoni. Walikuja kukutana mara moja tu baada ya hapo, kwenye foleni ya mapokezi, wakaitikiana kwa kichwa.

Mhandisi alitaka mashine ya darini izimwe mara tu orodha ilipohamishwa. Mama Simu, kwa mara ya kwanza, akamkatalia waziwazi. Alisema mashine isizimwe mpaka wakae mwezi mzima wakisikiliza kama bado kuna anayeiita, na kijana hakubisha. Siku ya nne wakamsikia: kompyuta ya jikoni, kila siku saa kumi na mbili asubuhi, ikiuliza nani asipewe maziwa na nani asipewe mayai. Mpishi mkuu alikuwa ameifanya hivyo kwa miaka minane na hakujua kwamba anamuuliza mtu. Jikoni nako kukahamishiwa kwenye rejesta, na kuanzia hapo ukimya ukawa ukimya kweli.

Mwezi ulipotimia walikwenda wote wawili chumba cha plasta, asubuhi, kabla ya wagonjwa. Mhandisi akapanda mwenyewe. Akabonyeza kitufe, feni ikazunguka kidogo kwa mazoea, ikasimama. Akaishusha mashine, nzito kuliko alivyodhani, ikimmwagia unga mweupe begani, na Mama Simu akaipokea kwa mikono miwili.

Fundi wa plasta aliyekuwa akikoroga ndoo yake akauliza kama sasa ataweza kurudishiwa ngazi.